Jirani anakohoa we unasema pole: tafuta sauti inapopita kabla hujanunua sponji

Simu ninazopigiwa sana zinafanana. "Fundi nataka uje uniwekee yale masponji meusi ukutani, jirani ananimaliza." Naenda, na kitu cha kwanza kutoa kwenye begi ni tochi, mteja ananiangalia kama nimekosea nyumba. Mi ni mtu wa finishingi hapa Dar, dari, jipsamu, plasta, na miaka ya karibuni nimejikuta kwenye haya mambo ya sauti mpaka nikanunua mita yangu. Nilichokiona ni kwamba kwa nyumba zetu hizi ukuta ndo mshukiwa anayekamatwa kwanza na mara nyingi hana kosa, sauti imepita juu, imepita mlangoni, imepita kwenye tundu la waya, we unamvalisha ukuta sponji za laki tatu na usiku jirani akikohoa bado unamwambia pole.

Kwa hiyo hapa naenda kwa dalili, unachokisikia, halafu chanzo, halafu cha kufanya. Ruka hadi kwenye dalili yako ila hiki kipande kinachofuata usikiruke.

Dakika kumi za kusikiliza

Subiri usiku umetulia, au bora zaidi subiri umeme ukatike, feni na friji vikizima ndo unaisikia nyumba yenyewe. Mpange mtu akae upande wa pili aongee kawaida, au aweke spika ya kuchaji inayotoa ile shhhhh ya redio isiyoshika stesheni.

Jiulize, sauti hii ilianzia hewani au ilianzia kwenye kugonga? Mtu anaongea, mtoto analia, TV, hizo zimeanzia hewani, zinaupiga ukuta, ukuta unatikisika kidogo sana na upande wako ukuta huohuo unakuwa kama spika. Kisigino, kinu, kiti kinachoburutwa, pampu, hizo zimeingia kwenye zege moja kwa moja na zege linabeba mbali, unaweza ukamgombeza wa juu yako kumbe anayetwanga yuko vyumba viwili pembeni. Dawa ya moja haitibu nyingine.

Halafu, maneno unayaelewa? Hiki kipimo cha bure nakipenda kuliko mita. Vile visauti vya s, ch, t, k ni vya masafa ya juu, yaani vyembamba, na ukuta hata ule wa ovyo unavimeza, unakuachia mngurumo tu. Ukisikia maneno safi, unajua kabisa amesema "shilingi sabini" na siyo "themanini", basi kuna uwazi mahali, sauti haijapita kwenye tofali. Ukisikia mtu anaongea kama yuko ndani ya pipa basi hapo kweli mtazame ukuta.

Mwisho ziba sikio moja kwa kidole, lile lingine lipitishe taratibu kwenye kona, kwenye soketi, kwenye mstari ambapo ukuta unakutana na dari, chini ya mlango. Funga dirisha, fungua, funga. Sikio linaelekeza vizuri tu likiachwa lifanye kazi. Programu za simu za kupimia sauti usizitumie kama ushahidi wa kumpeleka mtu popote, ila kulinganisha kabla na baada, simu ileile, sehemu ileile, zinasaidia.

"Nasikia kila kitu, hadi anachodaiwa"

Hii ndo kubwa na ndo nitakaa nayo.

Kulikuwa na dada mmoja Tabata, nyumba ya vyumba sita mstari mmoja, bati juu, dari ya jipsamu imepigwa vizuri tu, taa za kuzama na nini. Analalamika jirani. Mwenye nyumba naye yupo pale amesimama mlangoni, mzee wa watu, anasema "mwanangu huu ukuta nimejenga mwenyewe, inchi sita, nondo kwenye lenta, hauwezi kupitisha sauti". Namwambia mzee shikamoo, naamini ukuta wako, naomba ngazi. Nikafungua kile kidirisha cha dari kule koridoni nikaingiza kichwa na tochi. Ukuta umeishia kwenye lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Juu ya lenta hakuna kitu, kenchi (zile mbao zinazobeba bati) zinatembea kutoka chumba cha kwanza hadi cha sita kama banda moja la kuku, na kwenye kila taa ya kuzama kuna duara la mwanga linatoka chini. Nimezima tochi nikayahesabu yale maduara, halafu nikasikia mtu chumba cha nne anafunika sufuria. Nikamwita mzee apande. Alipanda, akakaa kimya kidogo, akasema "kumbe tunalala wote chumba kimoja".

Sauti inapanda kwenye jipsamu nyembamba ya huku, inatembea chini ya bati, inashuka kwenye jipsamu nyembamba ya kule, na palipo na tundu la taa haihangaiki hata na hiyo jipsamu. Kuna hesabu moja inasaidia kuelewa kwa nini tundu dogo linaua kila kitu: chukua ukuta wa mita 4 kwa 3, ukuta mzuri unaozuia desibeli 50 (desibeli ndo kipimo cha ukubwa wa sauti), toboa asilimia 1 tu, yaani uwazi wa sentimita 30 kwa 40, ule ukuta wote unashuka hadi desibeli 20 hivi. Hata ungekuwa wa zege futi mbili ungebaki kwenye hizohizo 20. Tundu ndo linaamua.

Dawa ni kupandisha ukuta kutoka lenta hadi bati, tofali zilezile, piga plasta hata kule juu ambako hakuna atakayeona, na yale mabonde ya bati ukutani yajaze mota, usiache "kidogo tu". Kama kenchi haziruhusu tofali, simamisha fremu juu ya lenta, jipsamu mbili mbili kila upande na katikati ile pamba ya nyuzi za mawe au za glasi, viungo vya tabaka la kwanza visikutane na vya la pili, kingo zote silikoni. Ukishaziba hivyo kumbuka joto, hewa ya juu ya dari ilikuwa inapita nyumba nzima na sasa umeikata, kwa hiyo kila chumba kipate tundu lake la kupumulia kwenye fishabodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa. Taa za kuzama upande wa jirani mkorofi mi nazitoaga kabisa naweka za kubandika.

Kama nyumba ni ghorofa yenye slabu (sakafu ya zege) juu na maneno bado unayasikia safi, orodha ya washukiwa inabadilika. Mlango kwanza. Mlango wa mninga uliolipia pesa ndefu ukiacha uwazi wa sentimita moja chini umeshausaliti wote, sentimita moja kwenye mlango wa kawaida ni kama nusu asilimia ya eneo lake, hautavuka desibeli 23 au 24. Ile milango ya flashi yenye uwazi ndani ndo usiseme. Weka mpira kwenye fremu pande tatu na ule mpira wa brashi au wa kushuka chini, halafu pitisha karatasi mlango ukiwa umefungwa, ikitoka bila kubanwa bado hujafunga.

Soketi ni wa pili. Mafundi umeme wanapenda kuweka boksi la soketi yako na la jirani mgongo kwa mgongo kwa sababu wanachimba mara moja, sasa kwenye ukuta wa inchi tano unachimba inchi mbili huku na inchi mbili kule, kilichobaki katikati ni kama biskuti. Toa soketi, jaza mota nyuma, ziba mdomo wa bomba la waya, rudisha. Fanya ukiwa umezima meni swichi tafadhali.

Na dirisha. Watu wa vitabu vya nchi za baridi hawalitaji sana maana kule madirisha yamefungwa, huku kwetu mwezi wa pili nani anafunga dirisha? Sauti inatoka dirisha la jirani inageuza kona inaingia lako, mita mbili tu. Ukilifunga na maneno yakapotea, basi ukuta uache, zungumzia dirisha, na ukweli mchungu ni kwamba dirisha lililo wazi haliwezi kuzuia zaidi ya kama desibeli 10 hadi 15 na vioo vya luva hata vikifungwa havina tofauti kubwa sana kwa sababu vinabaki na nyufa kila kipande.

"Maneno siyaelewi, ila mngurumo upo siku nzima"

Sasa ndo tunaukamata ukuta. Ukuta wa tabaka moja unazuia kwa uzito, hakuna siri nyingine, ukiuongezea uzito mara mbili unapata kama desibeli 5 au 6 tu. Desibeli 10 ndo mtu anasema "imepungua nusu", kwa hiyo unaona kazi ilivyo.

Tofali la inchi sita lililojaa, likasimamishwa, likapigwa plasta pande zote mbili, linakaribia kilo 350 kwa mita ya mraba na linakupeleka kwenye desibeli 50 hivi, ambayo ni heshima. Likilazwa ukuta unakuwa inchi tisa, unaongeza kama 3 hapo. Ukute sasa fundi katumia tofali za inchi nne za kusimamisha au zile zenye matundu ndani, uko 45 au chini, hapo ni kama amefuata taratibu. Na hafuati. Viungo vya wima haviwekwi mota ipasavyo, anapaka kidogo kwenye kingo na kusukuma tofali, ukisimama jioni upande mmoja kabla ya plasta unaona jua la upande wa pili limechora mistari. Plasta inaficha, lakini kama plasta ipo upande mmoja tu (nyuma ya makabati ya jikoni huwa hawapigi, nyuma ya beseni la choo pia) basi tofali letu la mchanga na saruji lina vinyweleo na sauti inapenyeza, unapoteza desibeli kadhaa kwa uvivu wa mifuko miwili ya saruji. Ndo maana nikifika sehemu kama hii swali langu la kwanza ni "nyuma ya kabati kuna plasta?", na kugonga kwa kifundo cha kidole kunatosha kujibu. Kupiga plasta upande uliorukwa ndo dawa ya bei rahisi kuliko zote ninazozijua.

Kama plasta ipo na bado haitoshi, unaenda kwenye ukuta wa pili wa jipsamu mbele ya ule wa tofali, na hapa watu wanaharibu. Wanachukua mbao za inchi moja wanazigongelea ukutani, jipsamu moja juu yake, kazi imeisha, na mteja ananipigia anasema "fundi mbona besi imekuwa kubwa kuliko mwanzo?" Kweli imekuwa kubwa. Jipsamu, hewa iliyobanwa nyuma yake na ukuta ni kama ngoma, ina mlio wake, na kwenye mlio huo inapitisha zaidi badala ya kuzuia. Jipsamu moja ya kilo 10 kwa mita ya mraba ikikaa sentimita 2 kutoka ukutani ngoma hiyo inalia kwenye hezi 134 hivi (mitikisiko 134 kwa sekunde), palepale sauti ya kiume na besi ya bongo fleva zinapokaa. Ukiisogeza sentimita 10 na ukaweka mbili badala ya moja inashuka hadi hezi 42, huko wanaongea wachache. Kwa hiyo fremu isimame yenyewe, iguse sakafu na dari tu (na hapo chini yake uwe umeweka kipande cha mpira), isiguse ukuta wa zamani hata kwa skrubu moja, pamba ndani lakini usiishindilie, jipsamu mbili, silikoni pembeni. Chumba kinapungua sentimita 13, mwambie mteja mapema asije akakukuta kitanda hakiingii.

Trei za mayai. Naulizwa kila wiki. Trei la mayai ni karatasi, halina uzito, halizuii chochote kupita ukutani, na likishika moto ndani ya chumba unacholala ni balaa. Sponji nayo ina kazi yake ya kweli, inapunguza mwangwi ndani ya chumba, kwa mtu anayerekodi podikasti ni sawa. Kwa jirani ni mapambo.

"Sabufa tu ndo inaniua, mengine nimezoea"

Pole sana, hii ni ngumu na sitakudanganya. Mlio wa hezi 50 una urefu wa karibu mita 7, we unauwekea sponji ya sentimita 5, ni kama kuzuia wimbi la Coco Beach kwa chandarua. Hata vipimo rasmi vya ukuta kwa kawaida vinaanzia hezi 100, kwa hiyo ukuta unaweza ukafaulu mtihani kabisa na sabufa ikapita inacheka.

Kinachosaidia kipo upande wake, siyo wako. Sabufa ikikaa kwenye kona inapata nguvu ya bure kutoka kwenye kuta mbili na sakafu, akiitoa pale akaisogeza mita moja na nusu, akaiinua juu ya kipande cha godoro gumu isiguse marumaru, unaweza ukapata nafuu kubwa bila senti. Mi nimeshawahi kwenda na mteja kwa jirani yake, kijana wa watu, tukamwambia "mdogo wetu hatujaja kuzima muziki wako, tumekuja kuuhamisha", akacheka, tukahamisha wote watatu, na alisema mwenyewe inasikika vizuri zaidi sasa. Ikishindikana sheria ipo, Kenya kanuni za kelele za mwaka 2009 chini ya NEMA, mamlaka yao ya mazingira, zinaweka desibeli 35 usiku ndani ya makazi, na Tanzania tuna kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za 2015 chini ya sheria ya mazingira. Serikali ya mtaa kwanza lakini, kabla ya yote hayo.

"Juu yangu wanatwanga, wanaburuta viti, wanatembea na viatu"

Slabu ya sentimita 15 kwa sauti ya hewani ni nzuri, inazuia 50 na zaidi, huwezi kumsikia wa juu akiongea. Kwa kugonga ni mbaya sana. Hapa kipimo kinageuka, tunapima kelele inayofika chini, kwa hiyo namba kubwa ni mbaya. Slabu hiyo ikiwa tupu inatoa kama 75. Wenzetu England tangu 2003 nyumba mpya haitakiwi kuvuka 62. Na marumaru ikigandishwa moja kwa moja juu ya zege haipunguzi chochote cha maana, inaongeza tu ule mlio wa ta ta ta wa kisigino.

Kosa linalofanyika ni kutibu chini. Mtu anaweka dari ya jipsamu kwake, anapata nafuu kidogo, lakini mtikisiko umeshashuka kwenye nguzo na kuta za pembeni unaingia chumbani kwa ubavu. Kugonga kunatibiwa pale kunapogongwa. Kapeti nene lenye sponji chini yake linashusha desibeli 20 na kupita, hakuna jipsamu ya bei hiyo inayofanya hivyo. Vipande vya kapeti kuukuu chini ya miguu ya viti, soli za mpira.

Kinu nina kisa chake. Ghorofa moja Upanga, mama wa chini hana usingizi wa mchana, amefanya kazi usiku hospitali, na saa nane mchana juu kunatwangwa. Walishagombana hadi kamati ya jengo. Tukapanda. Aliyefungua ni bibi, na mama wa chini kwa hasira zote zile ikabidi aanze na shikamoo, ikapunguza moto nusu. Kinu kimekaa juu ya marumaru, kikavu kabisa bila kitu chini, mti mzito, na bibi anatwanga kisamvu. Nikaomba kile kipande cha godoro la mtoto lililokuwa limeegemezwa nje, nikakikunja mara mbili, juu yake ubao mpana, juu ya ubao kinu. Bibi akajaribu akasema "mbona kinacheza kama mtumbwi", nikapunguza godoro likabaki moja, na badala ya ubao mwembamba nikaweka kile kibao cha kukatia nyama kizito. Kikatulia. Mama wa chini alishuka kwake, akapiga simu, "ameanza kutwanga?" Alikuwa ameshamaliza. Sponji laini inahitaji uzito juu yake ndo ifanye kazi, ndo siri ya sakafu zote za kuelea, zile zinazolazwa juu ya kitu laini zisiguse slabu, kinu kile ni sakafu ya kuelea ya futi mbili.

"Maji yakipita ukuta unanguruma" na mambo ya mashine

Bomba la choo la wa juu likipita kwenye kona ya chumba chako na limefungwa kwa jipsamu moja, unasikia kila kitu na unajua ratiba ya familia. Lizungushie pamba, juu yake lile zulia zito la mpira, ndo boksi la jipsamu mbili lisilogusa bomba. Bomba la maji safi likigonga du du du ukifunga koki ghafla, ni maji yanapigwa breki na bomba linalegea kwenye klipu, funga klipu zenye mpira, presha ikiwa kubwa punguza.

Pampu iliyofungwa ukutani kwa bolti kavu itasikika jengo zima. Itoe ukutani, iwekee kitako cha zege kilicho juu ya mpira, na pande zote mbili za bomba weka vipande vya hozi laini, hapo kwenye hozi wengi wanasahau, wanaweka mpira chini halafu bomba la chuma linabeba mtetemo lenyewe. Feni ya nje ya kiyoyozi ni hivyohivyo.

Mvua kwenye bati siyo swali la jirani, ila kwa sababu mtaniuliza: pamba juu ya dari inasaidia, bati nene kidogo inasaidia, na hutaimaliza.

"Nimetengeneza yote na bado"

Kuna mawili. Pengine umeziba njia kubwa sasa njia ya pili ndo inasikika, ilikuwepo siku zote. Sauti inazunguka, inaingia kwenye slabu inapita chini ya ukuta wako mpya, inapita ukuta wa nje unaotembea mfululizo kutoka kwa jirani hadi kwako, na ukishafika kwenye desibeli hamsini na kitu kuongeza jipsamu kwenye ukuta ule ule hakuongezi kitu. Weka kiganja kwenye ukuta wa pembeni jirani akipiga muziki, utashangaa.

La pili, chumba chako kimekuwa kimya kuliko mwanzo na sikio lako limeamka. Hii siyo utani. Feni likiwa linazunguka ulikuwa huvisikii vitu unavyovisikia sasa.

Hapo ndo unaita mtu mwenye vifaa, na ujue anachotakiwa kufanya ili asikuimbie. Kipimo cha kwenye jengo kinafuata kiwango cha kimataifa, ISO 16283, sehemu ya kwanza ni sauti ya hewani, ya pili ni kugonga, ya tatu ni ukuta wa nje. Anaweka spika kubwa chumba kimoja, angalau sehemu mbili, anapima huku na kule sehemu kadhaa za chumba bila kuukaribia ukuta chini ya nusu mita, masafa kumi na sita kuanzia hezi 100 hadi 3150, anapima na kelele ya kawaida ya chumba spika ikiwa imezimwa. Kwa kugonga analeta mashine yenye nyundo tano, kila moja gramu 500, zinadondoka kutoka sentimita 4, mapigo kumi kwa sekunde, ukiisikia mara ya kwanza unafikiri wamevamia jengo.

Na lazima apime mwangwi. Hapa ndo nawashika waongo. Tuseme chumba cha spika kinasoma 92, chumba cha pili 51, tofauti ni 41, mwenye nyumba analia. Lakini chumba cha pili ni kipya, hakina pazia wala kitanda, marumaru tupu, sauti inazunguka sekunde 1.6 kabla ya kufa. Chumba chenye fanicha kinachukuliwa ni nusu sekunde, kwa hiyo kuna marekebisho, logi ya 1.6 gawanya kwa 0.5 mara kumi, unapata 5, ukuta kumbe ni 46. Kazi hiyo inarudiwa kwa kila masafa halafu zinakusanywa kuwa namba moja kwa ISO 717. Mtu aliyekuja na simu na kukupa namba moja ndani ya dakika tatu hajafanya chochote kati ya hivyo.

Ukishapata namba unalinganisha na nini? England ukuta kati ya nyumba mbili mpya unatakiwa angalau 45, na hiyo 45 ni baada ya kukatwa adhabu ya besi, yaani pointi zinazoondolewa kwa besi inayopita, kwa hiyo ukuta wa 50 ukikatwa 5 ndo umefika tu. Marekani kanuni zao zinataka 50 ya maabara au 45 ikipimwa kwenye jengo lenyewe, ila wanapima kwa mizani yao kwa hiyo usizichanganye kwenye mkataba. Mi mteja akiniuliza namwandikia za England, ziko wazi na mkandarasi hawezi kuzigeuza.

Kama bado hujajenga

Una bahati, maana hapa ndo pesa kidogo inafanya kazi kubwa. Chukua ramani kabla ya tofali ya kwanza uangalie nani analala ukuta mmoja na nani. Chumba cha kulala kikutane na chumba cha kulala, jiko na jiko, choo juu ya choo, usikubali sebule ya namba tatu iegemee kichwa cha kitanda cha namba nne, na kabati za nguo zikiwekwa kwenye ukuta wa mpaka zinasaidia kidogo japo siyo ukuta. Ukuta wa mpaka andika kwenye ramani "hadi bati" au "hadi slabu", maandishi hayo mawili yangemwokoa yule mzee wa Tabata. Soketi zipishane angalau hatua moja.

Sakafu ya ghorofa, kabla ya skridi (ile mota ya kusawazisha sakafu) laza mkeka wa mpira au wa sponji ngumu ya sakafu, viungo vyake vifungwe kwa teipu maana mota ikipenya tundu moja ikagusa slabu umejenga daraja na mkeka wote haufanyi kazi, na pembeni mkeka upande ukutani hadi juu ya usawa wa marumaru. Maliza fleti mbili zinazopakana kwanza, moja juu ya nyingine kama inawezekana, zipime, ndo uendelee na zile nyingine ishirini, kosa likiwepo unalipata kwa bei ya mbili. Na fundi marumaru msimamie mwenyewe siku ile, kwa sababu kile kingo cha mkeka kinachochungulia ukutani kinamkera, atataka kukikata na kujaza grauti ionekane safi. Kikatwe baada ya marumaru kukauka, na skating (ile marumaru ya chini ya ukuta) ikae juu ya silikoni, isiguse marumaru.